Mlimani au Dar Tech? Ulinganisho wa chuo kikuu kikubwa na chuo kidogo kwa anayetaka kusomea uhandisi

Wazee wengi wa Dar es Salaam bado huiita Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam kwa jina lake la zamani, Dar Tech, na wana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa chuo hicho kilichopo kwenye pembe ya barabara za Morogoro na Bibi Titi Mohamed kilifunguliwa mwaka 1957, miaka minne kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzishwa na miaka 16 kabla ya chuo kikuu hicho kupata Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Hata hivyo, ukimuuliza mzazi wa leo mwanawe aliyefaulu hisabati na fizikia akasomee wapi, mara nyingi atataja Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla hujamaliza swali. Jibu hilo si la kijinga, lakini limetolewa haraka mno, na haraka hiyo inaweza kumpeleka kijana mahali pasipomfaa.

Makala haya yanalinganisha njia mbili. Ya kwanza ni chuo kikuu kikubwa, na mfano wake hapa ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hasa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Ya pili ni chuo kidogo kinachojishughulisha karibu na ufundi na teknolojia peke yake, na mifano yake ni DIT, yaani hiyo Dar Tech iliyogeuzwa kuwa taasisi kwa sheria ya mwaka 1997, pamoja na Chuo cha Ufundi Arusha kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani. Neno "kidogo" linahusu idadi ya wanafunzi na wigo wa masomo, halihusu ubora. Vipo pia vyuo vilivyosimama katikati, kama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho kilikuwa Mbeya Tech kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2012 na ambacho bado kina tabia za pande zote mbili. Anayekifikiria hicho asome hoja za pande zote, kisha aangalie idara anayoitaka imeelemea wapi.

Vigezo nitakavyovitumia ni cheti na usajili, darasa na walimu, karakana na maabara, upana wa matawi, gharama na maisha, fildi na ajira, na mwisho masomo ya juu. Sivipi uzito sawa. Kwa maoni yangu karakana na usajili vinabeba zaidi ya nusu ya uamuzi, ilhali watu wengi huanza na kumaliza kwa jina la chuo.

Cheti na usajili

Tanzania haimtambui mtu kuwa mhandisi kwa sababu ya joho la mahafali. Anayetambua ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1997, na mtu asiyesajiliwa nayo hana ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi kama mhandisi. Mwenye shahada ya kwanza ya uhandisi inayotambuliwa husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka kama mitatu, ndipo aombe kuwa mhandisi mtaalamu. Njia hiyo ni ileile kwa aliyetoka Mlimani na kwa aliyetoka DIT.

Kwenye chuo kikuu kikubwa jambo hili halina utata mwingi. Wanaosomea uhandisi Mlimani karibu wote huingia moja kwa moja kwenye shahada ya miaka minne, na mzazi akiambiwa mwanawe anasoma uhandisi anajua ni ngazi gani.

Kwenye chuo kidogo ngazi zinaishi pamoja ndani ya uzio mmoja, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kijana anaweza kuwa DIT au Arusha akisoma stashahada ya miaka mitatu aliyoianza baada ya kidato cha nne, na jirani yake wa bwenini akawa anasoma shahada. Stashahada humfanya mtu kuwa fundi sanifu, kazi yenye heshima na yenye uhitaji mkubwa, ila si mhandisi. Fundi sanifu anayetaka kuwa mhandisi anatakiwa kurudi kusoma shahada, na kwa kawaida vyuo humdai GPA isiyopungua 3.0 kwenye stashahada yake. Aidha, yapo majina ya shahada yanayofanana bila kuwa sawa mbele ya Bodi. Shahada yenye neno "uhandisi" na ile yenye neno "teknolojia" zisidhaniwe kuwa kitu kimoja hadi uwe umeuliza. Uliza kwa jina kamili la kozi, si kwa jina la chuo, na ufanye hivyo kabla ya kulipa chochote.

Darasa na walimu

Mwaka wa kwanza kwenye chuo kikubwa una umati. Hisabati, mekanika na michoro ya kihandisi ni masomo yanayohitajika na karibu kila tawi, hivyo wanafunzi wa matawi mbalimbali hukusanywa katika ukumbi mmoja, mhadhiri akasimama mbali, na maswali yakaachwa kwa vipindi vya makundi vinavyosimamiwa na wahadhiri wasaidizi. Kijana aliyezoea mwalimu wa sekondari anayemfuata mpaka bwenini hukuta hakuna anayejua kama amehudhuria au amelala. Wapo wanaostawi katika uhuru huo na wapo wanaogundua mwezi wa Februari kwamba wameshika sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya marudio. Hali hubadilika kuanzia mwaka wa tatu, wanafunzi wanapogawanyika kwa undani wa matawi yao, na hapo chuo kikubwa huonyesha nguvu yake, kwa kuwa kina wabobezi wengi: ukitaka kujifunza miundo ya madaraja yupo mtu, ukitaka maji taka yupo mwingine.

Kwenye chuo kidogo mwalimu hukujua kwa jina mapema zaidi, na mara nyingi aliyekufundisha nadharia asubuhi ndiye anayesimama nawe karakanani mchana. Kwa mwanafunzi wa kawaida, ambaye si wa kwanza darasani wala si wa mwisho, ukaribu huo una thamani kubwa kuliko vyeo vya walimu. Upande wake wa pili ni kwamba idara yenye walimu wachache humtegemea kila mmoja wao kupita kiasi. Mmoja akienda kusoma nje ya nchi, somo lake laweza kufundishwa na mtu ambaye si fani yake, au likasukumwa hadi muhula unaofuata.

Ukubwa wa chuo, hata hivyo, haukuelezi ukubwa wa darasa lako. Uhandisi wa nguo Mlimani huvutia watu wachache kuliko uhandisi ujenzi, na mwanafunzi wake anaweza kujikuta katika darasa dogo ndani ya chuo kikubwa. Vilevile kozi inayopendwa sana kwenye chuo kidogo inaweza kujaa mpaka dirishani. Kwa hiyo anayelinganisha vyuo bila kulinganisha idara hajalinganisha kitu.

Karakana na maabara

Hapa ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu uhandisi ni taaluma ambayo mtu anaweza kufaulu mitihani yake yote na bado asijue nondo inavyokatika.

Chuo kikubwa kina vifaa ambavyo chuo kidogo hakiwezi kuvinunua wala kuvitunza kirahisi, kwa kuwa vinahitajika kwa utafiti na kwa kazi za ushauri ambazo chuo hulipwa na wateja wa nje. Mlimani wana ofisi ya ushirikiano na viwanda inayofahamika kwa kifupi cha BICO, na sampuli za zege, udongo na chuma hupimwa chuoni kwa ajili ya miradi halisi. Mwanafunzi mwenye udadisi, anayeomba kukaa pembeni mwa mtaalamu wa maabara wakati wa kazi hizo, hujifunza mambo yasiyo kwenye mtaala. Tatizo ni kwamba lazima aombe. Katika kipindi cha kawaida kundi la wanafunzi huzunguka mashine moja, mmoja akaiendesha, wawili wakaandika, na waliobaki wakanakili matokeo.

Chuo kidogo kwa desturi yake kilizaliwa karakanani. Mafunzo ya stashahada yamejengwa juu ya kutenda: kuchomelea, kukereza, kusuka nyaya, kupima ardhi, kufungua injini na kuirudisha. Desturi hiyo huvuja hadi kwenye shahada, kwa sababu karakana ni zilezile na mafundi wanaozisimamia ni walewale. Chuo cha Ufundi Arusha kina jambo la pekee: kituo cha Kikuletwa wilayani Hai, kwenye eneo la mtambo wa zamani wa umeme wa maji, ambako mafunzo ya nishati jadidifu hufanyika penye mto na mtambo wenyewe. Anayetaka umeme wa maji hatapata mahali pengi nchini panapofanana na hapo. Udhaifu ni kwamba baadhi ya mashine za vyuo vidogo ni za umri wa wazazi wa wanafunzi. Kujifunza kukereza kwa mashine ya zamani si hasara, maana mkono hujifunza vizuri zaidi pasipo kompyuta, lakini kukosa kabisa mashine za kisasa ni hasara kwa anayetaka kuingia kwenye viwanda vipya.

Niliwahi kuonyeshwa maabara ya chuo kimoja, ambacho sitakitaja, yenye vifaa vipya vilivyong'aa, na nilipouliza mbona vingine bado vimefunikwa nailoni vilivyokuja nayo, nikajibiwa kwamba vinatunzwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwashauri vijana waulize maswali matatu wanapotembelea chuo chochote: wanafunzi wangapi hukaa kwenye mashine moja, kwa wiki wanakaa karakanani kwa jumla ya saa ngapi, na je, mwanafunzi wa mwaka wa pili anaruhusiwa kuiwasha mwenyewe? Wasimuulize mkuu wa idara. Wamuulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeketi nje akisubiri kipindi.

Upana wa matawi

Chuo kikubwa kinashinda kwa idadi. Mlimani kuna uhandisi ujenzi, mitambo, umeme, kemikali, viwanda na nguo, na uhandisi wa migodi una shule yake pamoja na jiosayansi. Mwanafunzi huyohuyo anaweza kukaa na watu wa sheria, uchumi na kilimo, jambo linalomfaa anayewaza kuendesha kampuni au kufanya kazi za sera. Ila asidhani kila kitu kiko mlangoni pake: uhandisi wa kompyuta na wa mawasiliano ya simu upo kwenye ndaki ya TEHAMA iliyoko Kijitonyama, mbali na miti ya Mlimani ambayo picha za chuo hupenda kuionyesha.

Chuo kidogo kina matawi machache, lakini baadhi yake ni ya pekee. DIT ina kampasi ya Mwanza inayojishughulisha na teknolojia ya ngozi, na Arusha wameunganisha uhandisi ujenzi na umwagiliaji, fani ambayo nchi ya wakulima inaihitaji kuliko inavyoisifu. Aliyekwisha kujua anachotaka hapungukiwi na kitu. Asiyejua bado ana hatari ya kugundua mwaka wa pili kwamba tawi lake halimpendezi, na jirani hakuna lingine la kuhamia.

Gharama na maisha

Kwa vyuo vya umma, tofauti ya ada ya shahada mara nyingi si kubwa kiasi cha kuamua jambo. Kinachoamua ni malazi, nauli na chakula. Mkopo wa Bodi ya Mikopo humfuata mwanafunzi mwenye sifa kwenye shahada, awe Mlimani, DIT au Arusha, na bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo huo, halijui ukubwa wa chuo. Kwa stashahada, mikopo ni jambo la juzi na imeelekezwa kwenye fani za kipaumbele, hivyo anayeanzia ngazi hiyo asome mwongozo wa mwaka wake kwa makini.

Mlimani wana mabweni mengi, yakiwamo ya Magufuli yaliyozinduliwa mwaka 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, pamoja na Mabibo, lakini wanafunzi ni wengi zaidi ya vitanda na wengi huishia kupanga mitaani. Wana pia maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, ambayo kwa anayelala chumba cha watu wanne inaweza kuwa ndiyo nyumba yake halisi.

DIT iko katikati ya jiji. Nauli ni ndogo kwa anayekaa kwao Dar es Salaam, na Kariakoo, ambako vipuri na vifaa vya umeme hupatikana, ni mwendo wa miguu. Lakini chumba cha kupanga karibu na chuo ni ghali, na kelele za magari ni za bure. Arusha maisha ni ya utulivu zaidi, na baridi ya Juni na Julai huwashangaza waliotoka Pwani.

Fildi na ajira

Wanafunzi wa pande zote mbili huenda kwenye mafunzo kwa vitendo, yale wanayoyaita fildi, na pande zote mbili hulalamikia jambo moja: nafasi. Chuo kikubwa hutoa waombaji wengi kwa wakati mmoja, hivyo TANESCO, TANROADS na makampuni ya ujenzi hupokea barua nyingi zinazofanana. Kinachomsaidia mwanafunzi wa Mlimani ni kwamba waliotangulia wametapakaa kwenye ofisi hizo tangu miaka ya sabini, na jina la chuo hufungua mlango wa usaili. Mlango ukishafunguliwa, jina halijibu maswali.

Mwanafunzi wa chuo kidogo huenda fildi akiwa na mkono uliokwisha kuzoea spana, na wasimamizi wa karakana humpa kazi mapema badala ya kumpa kiti. Ajira yake ya kwanza mara nyingi hutokana na msimamizi huyo kumkumbuka. Hata hivyo, katika ofisi zinazochuja maombi kwa kuangalia jina la chuo, hasa zile za ushauri na za kimataifa, huweza kuachwa kabla ya kuonwa. Si haki, lakini hutokea, na anayechagua njia hii ajue kwamba usajili wa Bodi na kazi zinazoonekana ndivyo vitakavyomwombea.

Masomo ya juu

Anayekusudia shahada ya uzamili na uzamivu, au kufundisha chuoni, ana nafasi pana zaidi kwenye chuo kikubwa, kwa kuwa wapo wasimamizi wengi na miradi ya utafiti inayoendelea. Aliyetoka chuo kidogo mwenye matokeo mazuri anaweza kuingia huko baadaye. Huanza tu bila mtu wa ndani anayemfahamu.

Kwa hali yako

Kama umemaliza kidato cha sita kwa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, una alama za juu za hisabati, unajisimamia bila kufuatwa na unavutiwa na utafiti au na tawi lisilopatikana kwingi kama kemikali au nguo, chuo kikubwa kitakupa nafasi ya kunyoosha mikono. Nenda huko ukijua kwamba karakana utaitafuta wewe, haitakutafuta.

Kama umemaliza kidato cha sita kwa ufaulu unaokidhi masharti ya shahada lakini unajijua kwamba umati hukuzubaisha, na ulikuwa ukielewa fizikia pale tu ulipoishika, shahada ya chuo kidogo inayotambuliwa na Bodi inakufikisha kwenye daftari lilelile la wahandisi. Usiichukue kama chaguo la waliokosa.

Kama umemaliza kidato cha nne na umetoka shule ya ufundi kama Ifunda, Moshi au Tanga, swali lako ni tofauti kidogo: kidato cha sita kisha shahada huchukua kwa kawaida miaka sita, na stashahada kisha shahada miaka saba. Mwaka huo mmoja wa ziada unakununulia cheti cha fundi sanifu ambacho unaweza kukifanyia kazi hata masomo yakikatika njiani. Kwa familia isiyo na uhakika wa kulipa hadi mwisho, ningeuona mwaka huo kuwa wa akiba. Kwa familia yenye uhakika, na kijana mwenye hisabati imara, huenda ukawa wa kupoteza, maana hisabati ya kidato cha tano na sita humjenga mtu kwa namna ambayo aliyeipita pembeni huisikia akifika shahada.

Kama tayari wewe ni fundi sanifu kazini na unataka kupanda, angalia kwanza chuo kilicho karibu na kazi yako na chenye ratiba itakayokuwezesha kuishika, ukubwa wake uje baadaye.

Na kama umepata udahili wa vyuo viwili kwa pamoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu, ndani ya siku zilizotangazwa. Kabla ya kuiingiza namba hiyo, panda daladala uende kwenye vyuo vyote viwili siku ya kazi, saa nne asubuhi, na uchungulie karakana ya tawi lako uone kama kuna mwanafunzi aliyechafuka mikono.